Wazamiaji wa Pwani, na Kwa Nini Hupanda Polepole

Sisi tukaao juu ya uwanda wa Ufipa tumezoea kuyatazama maji toka juu. Mtu akisimama ukingoni mwa mteremko ule mkubwa huliona ziwa la Tanganyika limelala chini kama shuka lililoanikwa, wala hafikiri sana juu ya mambo yaliyo chini ya shuka lile. Leo nataka kuwaeleza habari za watu ambao huingia chini ya maji kwa hiari yao, wakakaa huko muda wa karibu saa nzima, kisha wakatoka wazima. Nitaanza na pwani, maana ndiko mchezo huu ulikoenea zaidi. Kisha nitarudi kwenye ziwa letu, kwa sababu liko jambo moja katika elimu ya wazamiaji linalotuhusu sisi watu wa Mwazye kuliko linavyowahusu watu wa Dar es Salaam.

Kuzama si jambo jipya. Wapiga mbizi wa lulu katika Ghuba ya Uajemi walikuwa wakizama tangu zamani sana kwa pumzi moja tu, wamebana pua, na jiwe zito likiwavuta chini. Lakini mtu wa namna hiyo hana budi kurudi juu upesi, pumzi isije ikamwishia. Mambo yaligeuka mwaka 1943 katika nchi ya Ufaransa, wakati wa vita. Petroli ilikuwa adimu, na fundi mmoja jina lake Émile Gagnan alikuwa amekwisha tengeneza kidude cha kupimia gesi ya kuendeshea motakaa. Afisa wa manowari, Jacques Cousteau, alimwendea akitaka kifaa cha kumpa mtu hewa chini ya maji. Wawili hao wakakigeuza kidude kile, wakakiunga na mitungi ya chuma iliyoshindiliwa hewa. Mzamiaji hukitia kinywani; avutapo pumzi hewa huja, aachapo hukoma, na nguvu ya hewa ile huwa sawasawa na uzito wa maji yaliyomzunguka. Miaka kumi baadaye, mwaka 1953, Waingereza waliunda chama chao cha wazamiaji mjini London, na desturi ya kuzama kwa vyama ikaenea katika pwani nyingi za dunia, na pwani yetu mojawapo.

Msimu wa wazamiaji wa pwani haupangwi na kalenda ya ukutani. Hupangwa na pepo. Tangu Desemba hata Machi huvuma kaskazi, na siku nyingi maji huwa mangavu. Masika yashikapo, mwezi wa Aprili na Mei, mito humwaga tope baharini, na mtu aweza kunyosha mkono asivione vidole vyake. Huo ndio wakati wa kutengeneza vyombo na kuwafundisha wageni katika mabwawa ya kuogelea. Kisha huja kusi. Upande wa mashariki wa Unguja huchafuka, nao wazamiaji hutafuta upande wa magharibi, ambako kisiwa chenyewe huwakinga. Mwezi wa Oktoba na Novemba, wakati wa maleleji, bahari hutulia, na ndipo zinapofanywa safari za mbali: Mnemba, Misali karibu na Pemba, na Mafia. Huko Mafia, tangu Oktoba hata Machi, huonekana papa potwe, samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, naye chakula chake ni viumbe vidogo vidogo vya majini. Wakaao Dar es Salaam huridhika na Mbudya na Bongoyo, visiwa vilivyo karibu na mji. Tena hutazama mwezi, kwa kuwa siku za bamvua maji hupita kwa nguvu mno katika milango ya miamba, kama ule wa Kinasi katika ghuba ya Chole, na mtu aweza kuchukuliwa mbali na chombo chake.

Huko chini huona matumbawe, ambayo mgeni huyadhani mawe au mimea, kumbe yamejengwa na wanyama wadogo sana, kizazi juu ya kizazi. Huona pia mahali palipovunjwa na wavuvi wa baruti, pakawa kama uwanja wa kokoto. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida, matumbawe mengi yakawa meupe, yakafa. Wazamiaji warudio kwenye fungu lile lile kila mwaka waliweza kuona ni wapi palipopona na wapi pasipopona. Watu wa barazani wasingalijua, maana juu maji ni yale yale.

Mimi si mzamiaji. Lakini nikiwa mgeni pwani naliona ubao mmoja wa chaki chini ya mkungu, na moyo wangu wa ualimu ukafurahi. Kila aingiaye majini huandikwa jina lake, jina la mwenziwe, saa ya kuingia na kiasi cha hewa mtunginI mwake. Atokapo huandikwa saa ya kutoka. Hapana azamaye peke yake. Jina lisipokuwa na saa mbili, watu wote husimama na kutazama baharini. Natamani daftari za mahudhurio zetu zingesomwa kwa bidii ile.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Watu wengi hudhani hatari ya kuzama ni kushuka. Sivyo, iliyo kubwa zaidi ni kupanda. Kila meta 10 za maji ya bahari zina uzito kama wa hewa yote iliyo juu yetu tukiwa ufukoni. Basi kwenye meta 10 mwili hubanwa mara 2, kwenye meta 30 mara 4. Kibofu cha mpira kikijazwa hewa kwenye meta 30 kisha kikaachiliwa, kitafika juu kimekua mara 4, kama hakikupasuka njiani. Na mapafu ni kibofu vilevile. Kwa hiyo amri ya kwanza afundishwayo mwanafunzi ni hii: usizuie pumzi kabisa.

Hatari ya pili imejificha zaidi. Sehemu kubwa ya hewa tuivutayo ni naitrojeni. Mwili ukibanwa na maji, naitrojeni huingia katika damu na mafuta ya mwili, ikayeyuka humo. Mtu akipanda kwa haraka, hutoka kama povu litokavyo katika chupa ya soda iliyofunguliwa ghafula. Mapovu hayo huziba mishipa. Huleta maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, na wengine hupooza au hufa. Mfaransa Paul Bert alieleza sababu yake mwaka 1878. Kisha Mwingereza John Scott Haldane na wenzake waliwatia mbuzi katika chumba cha chuma, wakakishindilia hewa, wakaipunguza kwa vipimo mbalimbali. Mbuzi aliyeumwa aliinua mguu wa mbele. Kutokana na miguu ya mbuzi wale zilipatikana hesabu zilizochapwa mwaka 1908, na wazamiaji wote tangu siku hizo wamefaidiwa nazo. Siku hizi azamaye kwa kujifurahisha hapiti meta 40, hupanda kiasi cha meta 9 tu kwa dakika, tena husimama kwenye meta 5 dakika 3 kabla ya kutoka.

Basi sisi twahusikaje? Ziwa Tanganyika lina samaki wengi wa rangi wasiopatikana popote pengine ulimwenguni, na wageni huja Kipili na Kasanga kuwaona, au kuwakamata ili wauzwe nje wakiwa hai. Wakamataji wenyewe wajua kwamba samaki akivutwa upesi toka chini kibofu chake hujaa na hufa. Kwa hiyo humtia katika chombo chenye matundu, wakampandisha kidogo kidogo. Yafaa mtu naye ahurumiwe kama samaki.

Uso wa ziwa uko meta 773 hivi juu ya bahari. Sumbawanga iko karibu meta 1,800. Mzamiaji wa Dar es Salaam atokapo majini hurudi nyumbani kwa barabara ya sawa. Azamaye Kasanga akipanda motakaa kuja Matai hata Sumbawanga, amepanda zaidi ya meta 1,000 kwa saa chache, na hewa ya huku juu ni nyepesi. Mwili wake wafanyiwa kama umeinuliwa tena toka majini, na povu ambalo lingalitulia ufukoni laweza kuamka mlimani. Ndiyo sababu wazamiaji hukatazwa kupanda ndege mara watokapo majini, na mlima wetu ni kama ndege. Kanuni wanayoifuata ni kungoja saa 12 baada ya kuzama mara moja, na saa 18 kwa aliyezama mara nyingi.

Naomba madereva wa njia hiyo wasikilize, na vijana wanaoajiriwa kukamata samaki, na wauguzi wa zahanati zetu. Mtu akija kwenu analalamika viungo, ngozi yamwasha, miguu ina ganzi, msimpe dawa ya malaria kabla ya kumwuliza kama alizama jana au leo. Kama alizama, alazwe, apewe oksijeni tupu ikiwapo, daktari apigiwe simu upesi, na asirudishwe majini kwa kudhani maji yatamponya. Aliye bado ufukoni asipandishwe mlima kabla daktari hajaulizwa.

Na saa zile 18 huhesabiwa tangu mtu alipotoka majini mara ya mwisho, si tangu asubuhi. Aliyetoka saa kumi alasiri alale Kasanga, ale samaki wake, na motakaa iondoke kesho yake saa nne asubuhi.