Jina la Kikundi Nalo Ni Mali

(Maneno haya yalisemwa mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia waliokutana Voi. Tumeyafupisha kidogo.)

Nimepewa nusu saa, na mwenyekiti ameshaweka saa yake mezani, kwa hivyo sitazunguka.

Kila kikundi kilichoko hapa kina daftari la mali. Nimeyasoma mengi. Mmeandika viti vya plastiki, hema, sufuria, mizinga, cherehani, hata karai lililotoboka. Sijaona daftari hata moja lililoandika jina la kikundi. Na jina ndilo linalomfanya mtu wa Nairobi atume pesa kwa watu asiowajua, kwa kikapu ambacho hajakishika. Tazameni lile jiwe la kijani linalochimbwa huku kwetu. Mwaka 1974 duka la Tiffany la New York lilianza kuliuza kwa jina la tsavorite, kutokana na Tsavo yetu hii hapa. Jina likapanda, bei ikapanda. Sisi tulibaki kushangaa tu.

Sasa niwasimulie habari moja. Kikundi sitakitaja, maana wenyewe wamo humu ndani. Ni akina mama wanaosuka vikapu vya mkonge, kazi safi, uzi umesokotwa kwa mkono. Miaka michache iliyopita mimi mwenyewe niliwashauri wafungue ukurasa wa Facebook. Hakuna aliyekuwa na simu ya kufaa, basi wakampa kazi hiyo mtoto wa mwanachama mmoja. Kijana mzuri, mwenye heshima. Akafungua ukurasa kwa laini yake, akaweka neno lake la siri, akapiga picha za vikapu na za akina mama wakisuka. Oda zikaanza kuja, pesa zikaingia kwa namba yake, naye akawa anawaletea. Hakuiba hata shilingi.

Halafu akapata kibarua Mombasa. Ukurasa ukaenda naye, kwa sababu ulikuwa mfukoni mwake. Huko akaanza kununua vikapu vya bei ya chini, vya uzi wa plastiki, na kuviuza kwa jina lile lile, na picha zile zile za mama zetu. Kikundi hakikujua lolote mpaka mteja mmoja akapanda matatu hadi kijijini, mkononi ana kikapu kilichokatika mshipi, anamtafuta mwenyekiti. Mama akakigeuza kile kikapu juu chini, akasema, "Huu si mkono wetu." Lakini jina kwenye simu ya mteja lilikuwa lao.

Wakaniita. Wakaniuliza, "Mwalimu, sasa tumshtaki mtoto wetu?" Hapo ndipo nilipoona kwamba ushauri wangu ulikuwa nusu. Niliwaambia wafungue mlango, sikuwaambia ufunguo ukae kwa nani.

Walikuja na cheti chao cha ofisi ya maendeleo ya jamii. "Sisi tumesajiliwa," wakasema. Ni kweli. Cheti hicho, chini ya Sheria ya Kusajili Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022, kinaonyesha kwamba ninyi ni kikundi kinachotambuliwa. Hakisemi kwamba jina mnalobandika kwenye bidhaa ni lenu peke yenu. Hata ukisajili jina la biashara kwa eCitizen ni vivyo hivyo. Jina la kwenye bidhaa huitwa alama ya biashara, nalo husajiliwa KIPI, ofisi ya serikali iliyoko South C, Nairobi. Wao hutafuta kwanza kama kuna mwingine mwenye jina hilo, kisha hulichapisha katika jarida lao, na mtu yeyote ana siku 60 za kupinga. Lisipopingwa, ni lako kwa miaka 10, na unaweza kulihuisha. Ada hulipwa kwa kila daraja la bidhaa. Asali iko daraja la 30, mikoba iko daraja la 18. Ukisajili kwa asali, usije ukalia mtu akiuza mikoba kwa jina hilo.

Vikundi kadhaa vinaweza kuungana, vikaunda chama na kusajili alama moja ya pamoja, yenye kanuni za nani aitumie na kazi iwe ya namna gani. Kwa mifuko yetu ilivyo, mimi naona hiyo ndiyo njia ya wengi wenu.

Jina gani? Hebu tukumbuke habari ya kikoi. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba ofisi ya huko isajili neno "Kikoy" liwe alama yake. Yaani vazi ambalo babu zetu wa pwani walijifunga, mtu wa Kenya apate taabu kuliuza Uingereza kwa jina lake lenyewe! Wakenya wakapinga, wakisaidiwa na shirika la Traidcraft, na mwaka 2008 kampuni ikaliondoa ombi lake. Tujifunze mambo mawili hapo. Kwanza, usajili wa nchi moja haulindi nchi nyingine. Pili, neno linaloeleza kitu chenyewe ni la wote. Kwa hivyo msiende KIPI na "Kikapu cha Taita" au "Asali Tamu" mkitumaini kuwafungia wengine. Tafuteni neno lisiloeleza bidhaa, labda la Kidawida, Kisaghala au Kitaveta ambalo wazee wanalikumbuka na wauzaji wengine hawalitumii.

Turudi kwa wale akina mama. Hawakuwa na alama iliyosajiliwa, na fomu ya Facebook ya kulalamikia alama huuliza namba ya usajili. Nikafikiria picha. Picha ina hakimiliki tangu inapopigwa, haingoji kusajiliwa, na ukurasa unaotumia picha yako bila ruhusa unaweza kuulalamikia kwa njia hiyo. Lakini picha alizipiga nani? Kijana yule yule! Hakimiliki kwa kawaida huanza kwa aliyepiga, isipokuwa kama mmeandikiana vingine. Sikilizeni hapo, ninyi mnaopigwa picha na wageni kila wiki. Picha zenu za kuuzia apige katibu wenu, na iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba ni za kikundi.

Kuna pia Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018. Kifungu cha 28 kinamhusu anayetumia jina la biashara au alama ya mwingine kwenye intaneti bila ruhusa, akijua anachofanya. Faini ni hadi shilingi 200,000, au kifungo hadi miaka 2, au vyote viwili. Lakini kijana wetu alikuwa amepewa ruhusa, tena na mimi nikiwepo. Kwa hivyo tulianza na barua. Kikundi kiliketi, kikaamua, kikaandika kwamba kuanzia siku hiyo ruhusa imeondolewa, wanachama wakatia sahihi. Mama yake naye akatia sahihi, mkono ukimtetemeka. Nakala akapelekewa mtoto Mombasa.

Ilichukua miezi miwili. Akarudi na simu, akakabidhi neno la siri mbele ya wazee. Sasa ukurasa una wasimamizi watatu, na neno la siri hubadilishwa kila uchaguzi wa viongozi. Laini ya simu ni ya kikundi. Pesa huingia kwa namba ya Lipa na M-Pesa ya kikundi, na mteja akilipa ujumbe unamwonyesha jina la kikundi. Kila kikapu kina kibandiko chenye namba hiyo, na juu ya ukurasa wameandika: ukiambiwa ulipe kwa namba nyingine, tupigie kwanza. Yule mteja wa kikapu kilichokatika walimpa kingine bure. Wengine walionunua vya plastiki hatuwajui, na wateja wa zamani kadhaa wameacha kuandika.

Ombi lao la alama bado halijapelekwa, kwa sababu wanabishana juu ya jina. Wazee wanataka moja, vijana wanataka jingine. Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi, kabla ya chai, kila katibu aliyepo afungue daftari la mali, aongeze mistari mitatu: jina letu, ukurasa wetu, laini yetu. Mbele ya kila mstari aandike ufunguo uko kwa nani. Nitapita mezani kuangalia, na pale mtakapokuta jina la mtu mmoja peke yake, tuketi na kikundi hicho baada ya chai.