Kubana Mafuta Bila Kuhatarisha Roho za Abiria

Mazungumzo ya Ofisa Uhusiano wa Polisi na madereva pamoja na wafanyabiashara wa samaki, Kashikishi, Wilaya ya Nchelenge

Wenzetu wasemao Kibemba wamekwisha kupata mazungumzo haya kwa lugha yao. Leo ni zamu ya Kiswahili, na atakayependa kuuliza kwa Kibemba asione haya, tutaelewana.

Mmezoea kumwona askari akiuliza leseni na kuhesabu abiria. Pengine mtu atasema moyoni: huyu na mafuta ya gari langu wapi na wapi? Jibu langu ni fupi. Nyingi katika hila za kubana mafuta tunazozikuta barabarani zinaua watu, na mafuta yenyewe hazibani. Njia zinazobana kweli ni zile zile zinazomfikisha abiria nyumbani. Ndiyo maana jambo hili linatuhusu.

Mafuta yana safari ndefu kabla hayajafika hapa ziwani. Bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilikamilika mwaka 1968. Kwa miaka mingi lilibeba mafuta ghafi, na siku hizi linasafirisha dizeli. Petroli huja kwa malori. Bei hutangazwa kila mwezi na taasisi ya udhibiti wa nishati, ERB, na mwezi ikipanda, kilio husikika kwanza kwa dereva wa basi dogo na kwa mama anayepeleka chisense Kitwe. Bei hiyo mimi siwezi kuishusha, wala nyinyi. Kilichomo mikononi mwetu ni idadi ya kilomita tutakazozipata katika lita moja.

Tuanze na kupima, kwa sababu wengi wetu tunakisia tu. Mshale wa dashibodi si kipimo. Jaza tangi mpaka pomani pajikate penyewe, andika kilomita zilizo kwenye mita, kisha endesha kama kawaida yako. Siku ya kujaza tena, jaza kwa namna ile ile, ikiwezekana katika kituo kile kile, ukatazame umeweka lita ngapi na umekwenda kilomita ngapi. Aliyekwenda kilomita 418 akaweka lita 38 amepata kilomita 11 kwa lita. Afanye hivyo mara tatu au nne, achukue wastani, maana safari moja hudanganya: siku moja umepanda na mzigo, siku nyingine umeshuka mtupu. Daftari la senti chache litakwambia gari linaumwa kabla fundi hajalisikia.

Na tafadhali msiziamini mno karatasi zinazobandikwa kwenye vioo vya magari yatokayo Japani. Magari mengi katika mkoa huu wa Luapula ni mitumba ya huko, na wapo waliofika kwangu wakilalamika kwamba wametapeliwa: kibandiko kilisema kilomita 20 kwa lita, wao wanapata 13. Hawakutapeliwa. Kipimo cha zamani cha Wajapani, kilichoitwa 10-15, kilifanywa ndani ya maabara, gari likizungusha magurudumu juu ya mitambo, kwa mwendo usiozidi kilomita 70 kwa saa. Kilichofuata, JC08, kilikuwa kikali zaidi kidogo, lakini nacho hakikujua kilima, wala mchanga, wala magunia juu ya keria. Mwaka 2016 kampuni ya Mitsubishi ilikiri kwamba hata vipimo hivyo ilivichezea kwa baadhi ya magari yake madogo. Kwa hiyo linganisha gari lako na gari lako lenyewe la mwezi uliopita. Kibandiko kiache.

Sasa mwendo, na hapa nitakaa kidogo. Upepo unaolipinga gari hauongezeki sawasawa na spidi. Huongezeka kwa mraba wake. Ukitoka kilomita 80 kwa saa ukafika 110, ukinzani wa hewa unakaribia kuwa maradufu, na kuushinda kunalipiwa kwa mafuta. Je, umepata nini? Katika kilomita 100 umeokoa kama dakika 20, tena endapo njia ni nyeupe tupu. Nanyi mnaijua barabara yetu. Kutoka hapa kupitia Mwansabombwe na Mbereshi hadi Mwense, kijiji kinashikana na kijiji: watoto wa shule, baiskeli zenye mkaa, mbuzi, mihogo iliyoanikwa kando ya lami. Anayekimbia 110 hapo hufunga breki kila baada ya muda mfupi, na kila afungapo breki huigeuza petroli aliyoinunua kuwa joto la bure, kisha akanunua nyingine ili aushike mwendo tena. Dereva hodari hutazama mbali. Akiona watoto mita 300 mbele, huondoa mguu kwenye mafuta mapema, gari likapungua lenyewe likiwa ndani ya gia. Dereva huyo hutumia mafuta machache, na hao watoto wanavuka.

Najua mtanijibu kwamba samaki mbichi hangoji, hasa ziwa linapofunguliwa mwezi Machi, baada ya marufuku ya uvuvi ya tangu tarehe 1 Desemba, na kila mtu anataka awe wa kwanza sokoni. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini samaki huhifadhiwa kwa barafu na kwa kuondoka alfajiri. Dakika 20 hazijaozesha pale hata mmoja.

Nakuja kwenye hila ninayoichukia kuliko zote. Gari likianza mteremko, hasa kule kwenye kingo za nyanda za juu unaposhuka kutoka Kawambwa kuelekea Mbereshi, dereva anatoa gia na kuliacha frii. Wengine huzima na injini kabisa. Wazee wetu wa enzi za kabureta walikuwa na kasababu, kwa kuwa injini zile ziliendelea kunyonya mafuta hata mguu ukiwa juu. Injini ya sasa, inayoongozwa na kompyuta, hufanya kinyume: gari likiwa ndani ya gia na mguu umetoka kwenye mafuta, kompyuta huyakata mafuta yote na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka frii, injini inalazimika kunywa tena ili isizimike. Yaani mwenye kuacha frii anatumia mafuta zaidi ya yule aliyebaki kwenye gia!

Hiyo ni hasara ya mfuko. Hasara nyingine ni kubwa zaidi. Gari lililo frii halishikwi na injini, hushikwa na breki peke yake, na breki iliyokanyagwa mteremko mzima hupata moto mpaka ikalegea. Aliyezima injini ana hatari ya ziada: nguvu inayousaidia mguu wake kwenye breki hutoka kwenye injini, na injini ikifa akiba iliyobaki hutosha kukanyaga mara mbili au tatu, kisha kanyagio linakuwa gumu kama jiwe. Usukani nao unakuwa mzito, na akiuzungusha ufunguo kupita kiasi hujifunga. Fikirini basi dogo lenye watu kumi na watano, magunia juu, na mteremko haujafika katikati.

Hapa sitaki lawama zimwangukie dereva peke yake. Wapo wenye magari wanaompa dereva fedha za mafuta zisizofika Mansa, wakamwambia ajue mwenyewe. Mtu huyo amemtuma mwenzake akabahatishe roho za watu, naye jioni anahesabu faida amekaa barazani. Mwenye gari, lishike lile daftari nililolitaja, ujue gari lako linakula lita ngapi, ukampe dereva haki yake.

Hila nyingine ni kumfuata lori kwa karibu ili likukingie upepo. Ni kweli upepo hupungua. Lakini ili uupate msaada huo sharti uwe karibu kiasi kwamba lori likifunga breki wewe umekwisha kuingia chini yake. Acha nafasi ya sekunde tatu, na usiku uongeze.

Mambo ya mzigo na matairi nitayapitia haraka, kwa kuwa mnayajua ila hamyatendi. Tairi lenye upepo mdogo hulifanya gari lizito, hupata joto, na hupasuka. Kiasi cha upepo kimeandikwa kwenye kibati kilicho mlangoni mwa dereva. Pimeni asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi. Mzigo juu ya keria hula mafuta mara mbili, kwa uzito na kwa upepo. Chujio la hewa lililojaa vumbi, plagi zilizochakaa na breki inayoshika wakati haikukanyagwa vyote ni wezi walio kimya. Gari lililosimama likinguruma linakaribia kumaliza lita nzima kwa saa. Nanyi mnaolala ndani ya gari injini ikiwaka, vioo vimefungwa, ili mchaji simu au mpate ubaridi: moshi wa gari una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo humchukua mtu usingizini.

La mwisho ni petroli ya madumu na chupa. Naelewa inakotoka haja hiyo. Mwenye boti lazima aipeleke petroli ufukweni. Lakini petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni mpaka uikute sigara au jiko la mkaa. Dumu la plastiki lililozibwa kwa karatasi, chini ya kiti cha mama aliyepakata mtoto, halina udhuru. Tukilikuta, gari halitaendelea na safari. Tumieni vyombo vilivyotengenezwa kwa mafuta, vyenye kifuniko cha kukaza, na visipande pamoja na abiria.

Anayefyonza petroli kwa mdomo kwenye mpira aache leo. Tone likiteleza likaingia mapafuni huyaunguza. Ikimtokea mtu, msimtapishe, wala msimnyweshe maziwa ili atapike. Mpelekeni upesi hospitali ya St Paul's hapa hapa Kashikishi. Na muuzaji anayechanganya petroli na mafuta ya taa ajue kwamba anaharibu injini za watu, ambazo zitagonga na kupoteza nguvu. Mabaki ya mchanganyiko huo yakiishia kwenye kibatari cha nyumbani, kitalipuka mbele ya mtoto anayesoma. Mkimfahamu mtu wa namna hiyo, njooni mtueleze. Jina lako halitatajwa.

Wenzangu wawili wapo pale chini ya mwembe na kipimo cha upepo pamoja na pampu. Hakuna malipo, na leo hakuna atakayeandikiwa kosa la tairi. Wanaoondoka kuelekea Mansa watangulie, wa Chiengi wafuate. Maswali nitayapokea wakati tukiendelea kupima.