Madoa kwenye nyasi za nyumbani: chunguza kabla ya kununua dawa

(Maelezo yaliyotolewa kwa wakaazi katika kikao cha ushauri wa kilimo)



Mwenye boma huona doa la manjano karibu na lango, na kabla ya jua kutua ameshafika duka la dawa za kilimo na kurudi na chupa. Mara nyingi pesa hizo zimepotea. Nyasi hugeuka rangi kwa sababu nyingi, na chache tu kati yake zinahitaji sumu.

Hatua ya kwanza haigharimu kitu. Inama, shika nyasi za ukingoni mwa doa, uvute. Zikinyanyuka kama mkeka, bila mizizi, chini kuna funza weupe waliojikunja, yaani mabuu ya mbawakawa. Kwarara wakija kila asubuhi kudonoa hapo, wanawafuata hao. Wasifukuzwe, wanafanya kibarua cha bure.

Zikikataa kung'oka, mizizi ni mizima. Doa dogo la mviringo, lililokauka katikati na kuzungukwa na nyasi za kijani kilichokolea, ni mkojo wa mbwa. Una naitrojeni, ambayo ikizidi huunguza na ikiwa kidogo hurutubisha. Mwaga maji mengi hapo mapema. Mbolea iliyomwagika konzi moja mahali pamoja huunguza vivyo hivyo. Doa lisilosogea mwaka baada ya mwaka lichimbwe: huenda mafundi walifukia kokoto na simiti. Na aliyefyeka mpaka udongo ukaonekana asitafute mdudu. Kila anapokata, apunguze thuluthi moja tu ya urefu. Nyasi za kikuyu zilizokauka wakati wa kiangazi, shina la chini likiwa bado bichi, zitarudi na mvua.

Linalohitaji haraka ni moja. Doa likipanuka siku baada ya siku mvua zinapoanza, na majani yameliwa yakabaki vijiti, huenda ni viwavijeshi. Jua likiwa kali hujificha chini ya nyasi, na mtu hupita asiwaone. Tia sabuni kidogo ya kuoshea vyombo kwenye ndoo ya maji, umwage ukingoni mwa doa, usubiri dakika chache. Wakiwapo, watapanda juu: wana mgongo mweusi na mistari ubavuni.

Hawa si wale vamizi waliothibitishwa nchini mwaka wa 2017. Hawa ni wa tangu zamani, na chakula chao ni jamii ya nyasi, ambayo ndiyo jamii ya mahindi, mtama, wimbi na ngano. Wakimaliza uani huandamana hadi shamba la jirani. Kwa hivyo afisa wa kilimo wa wadi apigiwe simu siku hiyo hiyo, hata na mtu asiye na shamba.

Mwenye ng'ombe asimfungulie kwenye nyasi zilizoliwa na viwavijeshi, wala asimkatie. Kumewahi kuripotiwa vifo vya ng'ombe waliolishwa kwenye malisho yaliyotoka kushambuliwa. Palipopulizwa dawa, watoto na kuku wasiingie mpaka muda ulioandikwa kwenye lebo uishe.