Sura zetu, mkono wake: nani ale nini kwenye picha ya ukutani?

(Hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa jumuiya yetu hapa Uingereza. Nimeombwa niiandike ili na ndugu walioko nyumbani waisome.)



Nimepewa dakika kumi na tano, na nimepewa kwa sababu moja tu: sura yangu iko ukutani. Yule mwanamke wa tatu kutoka kushoto, mwenye sare ya bluu, kati ya dereva wa basi na mama anayechoma vitumbua, ni mimi. Kijana wetu alikuja kwangu, akakaa jikoni saa mbili akinichora kwa penseli. Nilimpa chai na maandazi. Sikumuuliza picha itatumika wapi, wala nani atalipwa nini. Na nilikuwa mjumbe wa kamati! Kwa hiyo kabla sijamnyooshea mtu kidole, naomba katibu aandike kwamba kosa la kwanza ni langu.

Kwa wasiojua kilichotokea, nieleze kwa kifupi. Mwaka jana tuliomba ruhusa kwa mwenye jengo tunalopanga, tupambe ule ukuta wa ubavuni unaotazama kituo cha basi. Tukachanga pesa za rangi na za kukodi majukwaa ya vyuma. Kijana wetu akachora wiki tisa, siku sita kwa wiki, jua na mvua. Akatuchora sisi: wauguzi, madereva, wabeba maboksi, watoto wenye mabegi ya shule, na nyuma yetu bahari na majahazi. Siku ya uzinduzi tulipiga picha mpaka simu zikaisha chaji. Malipo yake yeye? Tulimpa sahani ya pilau na makofi. Tulisema, "Huyu ni mtoto wetu, anajitolea."

Mwezi wa kumi na moja akaanza kuuza nakala. Alichapisha 100 kwenye karatasi nzuri, kila moja ina namba na sahihi yake, bei pauni 35. Hapo ndipo moto ulipowaka. "Anatuuza!" "Kageuza sura zetu mtaji!" Mmoja wetu, nisimtaje, alitaka ukuta upakwe rangi nyeupe.

Ndugu zangu, tufanye hesabu kabla ya kutukana. Nilikwenda kwake, akanionyesha risiti zote. Ameuza nakala 41, amepata pauni 1,435. Kuchapisha zote 100 kulimgharimu pauni 900 alizokopa. Kimebaki pauni 535. Wiki tisa, siku sita, saa nane kwa siku, ni saa 432. Gawanya mwenyewe: ni kama pauni 1 na peni 24 kwa saa. Kuna mtu humu ndani anayeweza kukubali kubeba maboksi kwa pesa hiyo? Huyo ndiye tajiri tunayemsema.

Na sisi tulifanya nini mwezi wa kumi na mbili? Tulichapisha kalenda ya jumuiya yenye picha ileile, tukaiuza pauni 8, na mchoraji hatukumwuliza. Mimi sio mwanasheria, lakini nimesoma na nimeuliza. Kwa sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1988, aliyechora ndiye mwenye haki ya kutoa nakala, hata kama rangi kanunua mtu mwingine, isipokuwa kama ameajiriwa kuifanya kazi hiyo au ameitoa haki hiyo kwa maandishi. Sheria hiyo inaruhusu kupiga picha jengo au sanamu iliyoko hadharani na kuiuza. Picha iliyochorwa ukutani haimo katika ruhusa hiyo. Kwa lugha nyepesi: ukuta ni wa mwenye jengo, nakala ni haki ya kijana, na sisi tuliomwita mwizi ndio tuliouza kitu kisicho chetu.

Sasa, mnaweza kudhani nimekuja kumtetea kijana tu. Hapana. Kuna jambo moja ambalo hesabu hailimalizi.

Mama yetu wa vitumbua alifariki mwezi wa kwanza. Wote tulichanga kumsafirisha nyumbani. Wiki mbili baada ya mazishi, binti yake alipita mbele ya mgahawa mmoja mjini, akamwona mama yake dirishani, anacheka, na chini ya kidevu kuna kibandiko: £35. Alisimama pale kwenye baridi akalia. Kesho yake alinipigia simu. Nilitegemea matusi. Aliniambia hivi: "Dada, mngeniletea nakala moja tu nyumbani kabla ya kuipeleka dukani, nisingesema neno."

Wapendwa, sheria ya nchi hii haimsaidii sana binti huyu. Uingereza hakuna sheria moja inayompa mtu wa kawaida umiliki wa sura yake. Kijana hakuvunja sheria. Lakini mimi ni nesi, na kazini kwetu kuna kitu kinaitwa ridhaa. Mgonjwa hapelekwi kupasuliwa mpaka aelezwe anafanyiwa nini na kuna hatari gani, ndipo atie sahihi. Na anaelezwa mapema, akiwa na akili zake, siyo akiwa ameshalazwa kitandani na taa zimewashwa. Mtu anaweza kukubali kuchorwa ukutani mtaani kwake na asikubali kutundikwa sebuleni kwa mtu asiyemjua. Ni ridhaa mbili tofauti. Sisi hatukuomba hata moja kwa maneno. Tuliomba kwa chai na maandazi.

Haya mambo hayakuanza na sisi. Niwape mifano mitatu.

Wa kwanza wa kwetu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa 1932 wilaya ya Tunduru. Aliingia Dar es Salaam akafanya vibarua, akafanya kazi hospitali ya Muhimbili, kwa hiyo mimi namhesabu kama mwenzetu wa wodini. Mwishoni mwa miaka ya 60 akaanza kuchora kwenye vipande vya mbao za dari kwa rangi ya kung'aa, wanyama na ndege, na picha zikauzwa Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mwizi. Alichora miaka michache tu. Leo jina lake limekuwa jina la aina ya uchoraji. Mtalii analikuta kwenye vikombe, mashati na sahani, kila duka. Sheria hulinda picha aliyochora mtu. Staili hailindwi, kila mtu anaweza kuiga. Wafuasi wake waliunda chama chao cha ushirika mwaka 1990. Sisi tunajivunia Tingatinga kila tukimnunulia mzungu zawadi, lakini tunapopata mchoraji wetu aliye hai tunamlipa pilau.

Wa pili ni wa Bristol. Aprili 2014 mchoraji Banksy, ambaye jina lake halisi hajawahi kulitangaza, alichora wapenzi wawili waliokumbatiana huku kila mmoja anachungulia simu yake. Aliichora karibu na klabu ya vijana iliyokuwa na hali mbaya ya fedha. Kiongozi wa klabu akaing'oa, akaiweka ndani. Halmashauri ya jiji nayo ikasema ni mali yake. Wakavutana. Ugomvi ule ulimalizwa na barua ya mchoraji mwenyewe, kwamba klabu inufaike. Agosti mwaka huohuo picha iliuzwa pauni 403,000 na klabu ikapona. Barua moja, ndugu zangu! Sisi tumetumiana meseji mia ngapi?

Wa tatu unanigusa kazini. Mei 2020, wakati wa korona, Banksy huyohuyo alipeleka picha katika hospitali kuu ya Southampton: mtoto anachezea mwanasesere wa nesi, na wale mashujaa wa sinema, Batman na Spiderman, wako kwenye kikapu cha taka. Machi 2021 iliuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni milioni 16, fedha zikaenda kwenye mambo ya afya, na hospitali ikabaki na nakala yake ukutani. (Mwezi huohuo serikali ilipendekeza kutuongeza manesi asilimia 1, ilipofika Julai ndio ikawa 3. Mwanasesere alituzidi, lakini hayo ni ya mkutano mwingine.) Nachotaka mkione ni hiki: nani anapata nini kilijulikana waziwazi, na hospitali iliyotundika picha haikutoka mikono mitupu.

Sasa niingie kwenye siasa, maana najua wengi wenu ndiyo mnaisubiri. Mwaka 2007 mimi nilikuwa bado sekondari, lakini wakubwa hapa mnakumbuka vizuri. Mkataba wa mgodi wa Buzwagi ulisainiwa hapahapa London mwezi Februari, hotelini. Zitto Kabwe alipouhoji bungeni, akaishia kusimamishwa ubunge Agosti. Watanzania wa ughaibuni walipiga kelele, na walikuwa na haki: mali ya wote haiwezi kuandikiwa mkataba gizani. Mpaka leo tukikutana kwenye misiba na harusi tunaongelea mikataba mibovu. Sasa nauliza: sisi wenye uchungu huo wote, mkataba wetu wa ukuta mmoja uko wapi? Wao angalau walikuwa na mkataba wa kuficha. Sisi hatukuwa na wowote. Tulisema "tutaelewana", kwa sababu ni ndugu. Undugu ni kitu kizuri, lakini mara nyingi "tutaelewana" maana yake ni kwamba mnyonge atanyamaza. Mara hii wanyonge walikuwa wawili, kijana na binti wa marehemu, na tumewagombanisha wakati aliyewaumiza wote ni kamati.

Kwa hiyo, Mwenyekiti, napendekeza mambo matano, yapigiwe kura leo.

Kwanza, kamati imwombe radhi kijana hadharani kwa neno "mwizi", na pesa ya kalenda, ikishatolewa gharama, apewe.

Pili, nakala 59 zilizobaki zisimame kuuzwa mpaka familia ya marehemu iseme. Wakikubali, wapewe nakala yao bila malipo na wawe wa kwanza kuipata. Wakikataa, zisiuzwe kabisa, na jumuiya imrudishie kijana gharama ya kuzichapisha, ambayo ni pauni 531. Itatuuma, na ni sawa ituume, maana uzembe ulikuwa wetu.

Tatu, kila aliyechorwa aulizwe kwa maandishi: ukutani ndiyo au hapana, kwenye nakala ndiyo au hapana. Watoto waulizwe wazazi wao, na mtoto mkubwa aulizwe na yeye.

Nne, nakala zikiendelea kuuzwa, kijana kwanza arudishe gharama zake. Kinachobaki, theluthi mbili iwe yake na theluthi moja iende mfuko wetu wa misiba. Hesabu isomwe hapa kila baada ya miezi mitatu, kama tunavyosoma michango.

Tano, kazi nyingine yoyote ya sanaa, iwe ya ukuta, wimbo au video, isianze kabla ya karatasi moja yenye sahihi: malipo kiasi gani, nakala ni za nani, na ukuta ukipakwa rangi nyingine nani apewe taarifa. Hili la mwisho msilidharau. Kule Queens, New York, mwenye majengo ya 5Pointz alizipaka chokaa picha za wachoraji usiku mmoja wa mwaka 2013. Mwaka 2018 jaji akaamuru awalipe dola milioni 6.7. Mwenye jengo letu naye anaweza kuuza kesho.

Mtaniuliza, na wewe sura yako je? Nilishafika zamu nikamkuta mwenzangu ameninunua, ananiambia nimetundikwa kwake kwenye korido ya kwenda chooni. Nilicheka, kisha sikujua kama nimefurahi au nimeudhika. Nimefikiri, na leo natoa ridhaa yangu: ukutani ndiyo, kwenye nakala ndiyo. Fomu yangu nimeijaza, ninayo hapa, namkabidhi katibu.

Binti wa marehemu yuko nyuma kule, karibu na mlango. Kijana naye amekaa upande wa pili wa ukumbi. Tangu mwezi wa kwanza hawajasalimiana. Namwomba Mwenyekiti, kabla ya kura, atupe mapumziko ya chai.

Naomba kuwasilisha.