Betri Siyo Mwenye Kosa Siku Zote
(Mazungumzo kwa wakulima na madereva wa matrekta)



Mvua za masika zinapokaribia katika nyanda za juu za Kenya, kama vile Trans Nzoia, Uasin Gishu na Nakuru, kila mwenye shamba hutaka ardhi yake ilimwe mapema, kwa maana mahindi yaliyochelewa kupandwa hayazai kama yale yaliyowahi mvua. Mara nyingi ndiyo siku trekta kuukuu hukataa kuwaka. Dereva huzungusha ufunguo, stata hutoa mlio mmoja, kisha kimya. Watu husema, "Betri imekufa," na mwenye trekta huchukua fedha za mbolea akanunua betri mpya. Baada ya siku chache betri hiyo nayo hulala vile vile. Kumbe betri ilikuwa na njaa tu, na yule aliyekosa kuilisha hakutafutwa.

Yafaa kufahamu kwanza kwa nini kosa hili hujificha. Injini ya petroli huhitaji cheche ya umeme wakati wote, lakini injini ya dizeli huwasha mafuta yake kwa joto la hewa iliyobanwa. Ikisha kuwaka, trekta kuukuu la dizeli laweza kulima kutwa nzima bila umeme wowote. Basi dainamo yaweza kufa leo asubuhi, na dereva asijue lolote mpaka kesho alfajiri.

Matrekta kama Massey Ferguson 35 na Fordson Major, yaliyoundwa Uingereza katika miaka ya 1950 na 1960, yalitoka kiwandani yakiwa na dainamo. Njia ya umeme wake ni fupi: mkanda wa feni huzungusha dainamo, dainamo hutoa umeme, rigileta huupima na kuupitisha, nao huingia katika betri. Mwenye kutafuta kosa na aifuate njia hiyo hatua kwa hatua, wala asiruke.

Kwanza ni betri yenyewe. Maji yafunike sahani katika vyumba vyote sita. Yakipungua, yaongezwe maji safi ya betri, si asidi wala maji ya mtoni. Unga mweupe au wa kijani juu ya vichwa vya betri huzuia umeme. Uoshwe kwa maji vuguvugu yenye magadi soda, vifuniko vikiwa vimefungwa ili maji hayo yasiingie ndani. Waya nene inayofungwa kwenye bodi ya trekta isisahauliwe, kwa kuwa mara nyingi imeshikwa na kutu na rangi. Wakati wa kufungua, waya hiyo ya bodi itolewe kwanza, na wakati wa kufunga irudishwe mwisho, ili spana isipige cheche.

Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika saa kadhaa, huonyesha karibu volti 12.6. Ikionyesha 12.2 imebaki nusu, na chini ya 12 imekwisha. Fundi mwenye haidromita atapata karibu 1.260 au zaidi katika betri iliyojaa. Ikiwa betri imechajiwa vizuri na chumba kimoja kingali chini ya vingine kwa 0.050 au zaidi, hapo betri ndiyo mbovu kweli.

Pili, injini iwashwe na kuongezwa mwendo kidogo, na mita iwekwe tena juu ya betri. Volti zikipanda kupita 13 na kukaribia 14, dainamo inalisha. Zikibaki pale pale au zikishuka, hakuna umeme unaoingia. Zikipita 15, rigileta inalisha kupita kiasi, na betri hiyo itachemka na kumaliza maji yake kila mara. Ikumbukwe pia kwamba dainamo haitoi umeme wa kutosha injini inaponguruma polepole. Trekta linalosimama muda mrefu huku taa zinawaka laweza kumaliza betri bila ya kitu chochote kuharibika.

Tatu, mkanda. Injini ikiwa imezimwa, mkanda ubonyezwe kwa kidole gumba katikati ya magurudumu yake. Ukilegea zaidi ya upana wa kidole, au ukiwa na mafuta na nyufa, utateleza.

Nne, taa nyekundu ya dainamo, katika matrekta yaliyo nayo. Ufunguo ukifunguliwa kabla ya injini kuwaka, taa hiyo sharti iwake. Isipowaka, balbu imeungua au waya imekatika. Injini ikiongezwa mwendo, sharti izime. Ikiendelea kuwaka, dainamo au rigileta ina kosa.

Tano, dainamo ipimwe peke yake. Waya zake mbili ndogo zifunguliwe, na vichwa vyake viwili viunganishwe kwa kipande cha waya. Mita iwekwe kati ya kipande hicho na bodi, kisha injini iongezwe mwendo polepole. Sindano ikipanda upesi, dainamo ni nzima, na injini ipunguzwe mara moja kabla ya volti kupita 20. Isipopanda, fundi atazame brashi za kaboni, kama zimekwisha au zimekwama, na duara la shaba zinalolisugua, kama limechafuka. Kazi hii mara nyingi huhitaji brashi mpya na msasa laini tu.

Dainamo ikiwa nzima, kosa li katika waya au rigileta. Sanduku la rigileta lishike bodi vizuri bila kutu. Visahani vyake vikigandana, umeme wa betri hurudi katika dainamo usiku kucha. Injini ikiwa imezimwa na taa zote zimezimwa, huku sindano ya ampea ingali upande wa kutoa, betri ifunguliwe upesi kabla waya hazijaungua. Springi za rigileta zisipindwe kwa kubahatisha. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye mita.

Matrekta mengine yamebadilishwa yakatiwa altaneta. Kipimo cha dainamo kilichotajwa hapo juu kisifanywe juu ya altaneta, wala betri yake isifunguliwe injini ikizunguka.

Sasa liko jambo moja zito kuliko gharama yote. Betri ikilala, wako madereva wanaosimama chini kando ya gurudumu na kuunganisha vichwa vya stata kwa bisibisi. Trekta likiwa katika gia, linaweza kuwaka na kumkanyaga mtu papo hapo. Watu wamekufa hivyo. Trekta liwashwe dereva akiwa kitini, gia ikiwa huru na breki imefungwa. Tena sigara na moto visikaribie betri inayochajiwa, maana hewa inayotoka humo hulipuka, na asidi hupofusha macho. Ikimrukia mtu, aoshwe kwa maji mengi mara moja na kupelekwa hospitali.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Dereva anayetazama mkanda na maji ya betri kila juma, na taa nyekundu kila asubuhi, hugundua kosa likingali dogo. Na mwenye trekta asitoe fedha za betri mpya kabla mita haijathibitisha kwamba ile ya zamani imekwisha kweli, na kwamba dainamo itaweza kuilisha ile mpya.