Mji Usiokua: Amarcord, Ufashisti na Mafuta ya Mbarika



Mwaka 1984 mhakiki wa Kimarekani Fredric Jameson alichapisha katika jarida la New Left Review makala ambayo kila mwanafunzi wa fasihi aliyepita kwangu ameisoma. Mna humo kurasa chache kuhusu filamu za kutamani ya kale. Jameson anadai kwamba filamu hizo haziifikii historia hata kidogo. Zinazifikia nguo za zamani, magari ya zamani, nyimbo za zamani na mng'ao wa picha, na mtazamaji anatoka ukumbini akiwa na ladha ya muongo fulani bila kujua katika muongo huo nani alimtenda nani. Mfano wake wa kwanza ni American Graffiti ya George Lucas, iliyotoka mwaka 1973 na kusimulia usiku mmoja wa vijana wa Modesto, California, mwaka 1962.

Kuhusu Modesto sina neno. Ninaopingana nao ni wale walioichukua hoja hiyo wakaitumia kwa kila filamu yenye mtoto, baiskeli na mji mdogo. Mwaka uleule wa 1973 Federico Fellini alitoa Amarcord, filamu kuhusu mwaka mmoja katika mji wa pwani ya Adriatiki wakati wa Mussolini, na hukumu ikaiangukia nayo. Katika semina moja niliyohudhuria ughaibuni, msomi ninayemheshimu aliniambia mbele ya watu kwamba Amarcord ni kadi ya posta, na Mussolini amebandikwa pembeni kama stempu. Watu wakacheka. Mhadhara huu ni jibu langu kwake, na nitalitoa kwa urefu kwa sababu jambo lenyewe ni zito.

Habari za uhalisia mpya wa Italia, za Rossellini na De Sica, na jinsi Fellini alivyotoka humo akaenda zake, zinajulikana, nazipita. Napita pia I vitelloni ya mwaka 1953, ingawa bila wale wavivu watano wa pwani wasiotaka kufanya kazi wala kuondoka kwao, Amarcord isingezaliwa.

Nianze na hoja ya mng'ao. Jameson analalamika kwamba uso wa picha unachukua nafasi ya historia. Sasa tazameni tukio la meli. Mji mzima unaingia katika mashua na ngalawa, unakwenda baharini kungoja meli kubwa iitwayo Rex ipite. Wanangoja mpaka usiku. Aurelio, baba wa kijana Titta, ambaye kazi yake ni ujenzi, anazitazama nyota na kushangaa: matofali mengi namna ile yamesimama juu, je, msingi umechimbwa wapi? Gradisca, mrembo wa mji, analia kwamba bado hajapata mume wala watoto. Kisha Rex inatokea gizani, taa kwa taa, na kipofu mpiga kodiani anavua miwani yake akiuliza ikoje, ikoje.

Rex ilikuwapo kweli. Ilishushwa majini mwaka 1931 na mwaka 1933 ikaweka rekodi ya kasi ya kuvuka Atlantiki kuelekea magharibi. Serikali ya kifashisti iliitangaza kama ushahidi wa ukubwa wa taifa. Lakini njia yake ilikuwa Genoa hadi New York. Genoa iko upande wa magharibi wa Italia na Rimini, mji aliozaliwa Fellini, uko mashariki. Meli hiyo haikuwa na safari ya kupita Rimini. Ilifika Adriatiki wakati wa vita, kufichwa, na Septemba 1944 ndege za Uingereza ziliizamisha huko kusini ya Trieste.

Hiyo Rex ya kwenye filamu ni umbo lililokatwa na kupakwa rangi, na bahari yake ni shuka za plastiki zinazotikiswa ndani ya studio za Cinecittà, Roma. Plastiki inaonekana kuwa ni plastiki, wala Fellini hakuificha. Ikumbukwe pia kwamba Cinecittà ilifunguliwa na Mussolini mwenyewe mwaka 1937. Basi tuna meli ya propaganda isiyopita hapo, juu ya bahari isiyo na maji, ndani ya studio iliyojengwa na utawala uleule, na watu wanaipungia mikono huku machozi yakiwatoka. Anayesema picha hiyo inaficha historia nyuma ya urembo hajaitazama. Mwongozaji ametuonyesha namna watu wa mji mdogo walivyopewa kitu cha kuabudu, akatuonyesha na gundi yake.

Nina imani niliyoishi nayo miaka mingi, na leo naisema hadharani: filamu ya kumbukumbu iliyopigwa mahali penyewe huwa inadanganya zaidi ya ile iliyojengewa mji wa bandia. Rimini halisi ingempa Fellini kuta za kweli, na kuta za kweli zingemfanya mtazamaji aamini kila kilichotendeka mbele yake. Fellini aliondoka kwao mwaka 1939, na alipotaka kuusimulia mji huo aliujenga upya mbali nao. Wenzangu kadhaa wamenipa mifano ya kunipinga, nami nimeisikiliza yote kwa heshima. Bado nasimama hapo.

Nije kwenye kiini. Katika filamu, tarehe 21 Aprili, siku ya kuadhimisha kuzaliwa kwa Roma, kiongozi wa chama anautembelea mji. Watu wanakimbia mchakamchaka wakimfuata, Gradisca akibubujikwa, akitaka walau amguse. Usiku taa zinazimika, na juu ya mnara wa kanisa gramafoni inapiga wimbo wa wafanyakazi wa dunia. Mafashisti wanaifyatulia risasi mpaka inaanguka. Wanawakusanya washukiwa, Aurelio akiwa mmojawao, ingawa mchana mkewe Miranda alimfungia geti asitoke. Wanamtaka anywe kwa afya ya ufashisti, na kinywaji chenyewe ni mafuta ya mbarika.

Mtazamaji wa Ulaya wa leo huliona tukio hili kuwa la ajabu tu. Mimi siwezi. Nililelewa na bibi, Tanga, na kila likizo ya shule wajukuu tulipangwa mstari barazani tukanyweshwa mafuta ya mbarika ili tumbo lisafike. Kijiko kilikuwa kikubwa, na aliyetema alirudishiwa. Naujua uzito wa mafuta yale kooni, naijua na aibu iliyofuata, tukishindania choo huku shangazi wakicheka. Lakini kwetu ilikuwa dawa, tena dawa ya watoto, na bibi alitupa kwa mapenzi. Ndiyo maana nilipoliona tukio la Aurelio kwa mara ya kwanza nilishikwa na baridi. Mafashisti walikuwa na rungu na bunduki, na walivitumia. Mbarika waliichagua kwa kazi nyingine: kumchukua mtu mzima, baba wa watoto, fundi anayeheshimika, na kumrudisha utotoni kwa nguvu. Aurelio anarudi nyumbani akiwa amejichafua, na Miranda anamwosha ndani ya beseni kama mtoto mchanga. Filamu inadokeza kwamba aliyempeleka kwa mafashisti ni shemeji yake, ndugu wa Miranda, anayekula meza moja naye.

Hapo ndipo ninapoisoma Amarcord yote. Tumezoea kuiita filamu ya kijana anayekua. Mimi nasema ni filamu ya mji ambao ndani yake hakuna anayekubaliwa kukua. Vituko vyake vyote, ambavyo wauzaji wa filamu huvipamba kama utamu wa Italia, ni ushahidi wa shtaka hilo. Ciccio, mvulana mnene anayempenda Aldina, anaota harusi yake, na anayewafungisha ndoa ndotoni ni uso mkubwa wa Mussolini uliotengenezwa kwa maua. Hata mapenzi yake ya kwanza yanaomba kibali cha dikteta. Teo, ami yake Titta, anatolewa hospitali ya vichaa kwenda kula shambani na jamaa zake. Anapanda juu ya mti, anapiga kelele kwamba anataka mwanamke, na kila anayekaribia anapigwa jiwe. Wanaume wazima wanashindwa kumshusha. Anakuja mtawa mfupi kutoka hospitali, anatoa amri, na Teo anashuka kimya. Watu hucheka sana hapa, nami sijawahi kuwalaumu, kwa maana tukio linachekesha kweli. Lakini angalieni kilichotokea: haja ya mtu mzima imepigiwa kelele mchana kutwa, na vazi rasmi limeimaliza kwa dakika moja.

Fellini mwenyewe aliwahi kueleza kwamba aliuona ufashisti kuwa aina ya ujana uliokwama, hali ya kumwachia mwingine wajibu wa maisha yako. Siegemei sana kauli hiyo, kwani wasanii husema mengi baada ya kazi kwisha. Ninayemwegemea ni mtu mwingine, na naomba mniruhusu nikae naye kidogo, kwa sababu jina lake huandikwa kwa herufi ndogo.

Tonino Guerra aliandika filamu hii pamoja na Fellini. Wote wawili walizaliwa mwaka 1920, Fellini Januari, Guerra Machi. Mmoja Rimini, mwingine Santarcangelo di Romagna, mwendo wa kilomita kama 10 hivi. Guerra alikuwa mwalimu wa shule. Mwaka 1944 alikamatwa akapelekwa Ujerumani, katika kambi ya Troisdorf. Humo kambini, ili kuwatuliza wafungwa wenzake waliotoka Romagna, alianza kutunga mashairi kwa lahaja ya kwao. Hakuwa na karatasi. Aliyasema kwa kichwa, na mfungwa mwenzake akaja kuyaandika. Yalichapishwa mwaka 1946. Baadaye aliandika filamu na Antonioni, na mwaka 1983 aliandika Nostalghia pamoja na Andrei Tarkovsky. Alifariki mwaka 2012.

Tafakarini ufundi huo wa kumbukumbu ulisomewa wapi. Mtu aliyekusanya kuku, ukungu, makanisa na matusi ya kijijini kwake ili wenzake wapate sababu ya kuiona kesho, huyo ndiye tunayeambiwa kwamba anakimbia historia. Alikumbuka nyumbani akiwa mikononi mwa historia yenyewe. Kila ninapoliona tukio la babu aliyepotea ukunguni mlangoni pake, akidhani amekwisha kufa, namsikia Guerra.

Haki inanitaka niseme pale ambapo Jameson yuko sahihi. Nuovo Cinema Paradiso ya Giuseppe Tornatore ilitoka Italia mwaka 1988 ikiwa na takriban dakika 155, haikupata watazamaji, ikapunguzwa hadi dakika 124. Toleo hilo fupi lilipata tuzo Cannes mwaka 1989 na Oscar mwaka 1990, na ndilo dunia inalolilia. Katika toleo refu la mwaka 2002 tunajua kwamba Alfredo, mzee mpiga picha za sinema tunayempenda, ndiye aliyemshawishi Elena, mpenzi wa kijana Toto, aachane naye, akanyamaza maisha yake yote. Mapenzi ya mzee yana udikteta ndani yake. Toleo fupi lilifuta hilo, likabakiza muziki wa Morricone na mabusu. Mkilishtaki toleo hilo kwa hoja ya Jameson, sitasimama kulitetea.

Kuna shtaka moja zaidi, na hili halikutoka Marekani. Ni letu. Mafashisti hao waliovaa mavazi ya kuchekesha waliivamia Ethiopia Oktoba 1935, wakamwaga gesi ya sumu, na Februari 1937 wakawaua watu kwa maelfu Addis Ababa. Vijana wa umri wa Titta walivaa sare na kuja huku. Walioshindwa mwaka 1941 waliletwa Kenya wakiwa mateka, wakachongeshwa barabara ya bonde la ufa, na kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942 bado liko Mai Mahiu. Amarcord haivuki bahari kutuonyesha waliouawa. Nimeupima upungufu huo kwa muda mrefu na sitaufanya mdogo: Mwethiopia ana haki ya kuikataa filamu hii.

Hata hivyo, naona inajibu swali ambalo filamu za vita hazijibu: mtu aliyekuja kutuua alilelewaje? Alilelewa katika mji uliomchekesha, uliompenda, na uliomfundisha kwamba kuna mtu mkubwa anayefikiri kwa niaba yake. Hilo nalo ni sehemu ya historia ya Afrika Mashariki, na ni kazi yetu kulisoma.

Kwa hiyo nina ombi kwa Idara ya Fasihi na wenzetu wa Sanaa za Maonyesho. Tuanze mwaka huu wa masomo kuzitafsiri filamu hizi, maneno ya Kiswahili yaandikwe chini ya picha, ili mwanafunzi asizipokee kupitia kwa mhakiki wa kigeni kabla hajaziona kwa macho yake. Tuanze na Amarcord. Mimi nitajitolea muda wangu, na wanafunzi watakaopenda kushiriki wanione baada ya mhadhara huu.