Nyumba Njema Si Mlango: Hotuba juu ya Kutengeneza Nyumba Zetu



 Halmashauri imetutaka tuzungumze juu ya nyumba zetu hapa Mombasa: jinsi ya kuzitengeneza zipate uhai mpya na thamani yake izidi. Jambo hili si la mapambo. Kwa wengi wetu nyumba ndiyo mali kubwa ya pekee tutakayowaachia watoto, na kodi ya vyumba vyake ndiyo riziki ya wazee wasioweza tena kufanya kazi. Fedha iliyotiwa mahali pasipofaa katika nyumba hairudi, na aghalabu ni fedha iliyowekwa kidogo kidogo kwa miaka mingi.

Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sote twaijua methali hii, lakini mtu akipata fedha kidogo huanza na mlango. Hupaka rangi upande wa barabarani, hutandika vigae ving'aavyo ukumbini, huweka geti la chuma. Na huku juu paa lavuja na chini msingi waliwa na maji. Masika yakija, rangi yabambuka, na mwenye nyumba hana fedha wala paa. Neno letu la leo ni moja: tutengeneze kwanza yale ambayo mpita njia hayaoni, yaani hati, paa, maji na kuta, ndipo tupambe.

Twaanza na hati, kwa sababu katika mji huu nyumba na ardhi iliyo chini yake zaweza kuwa mali za watu wawili. Desturi ya pwani tangu zamani ilimruhusu mtu kumiliki nyumba au minazi juu ya ardhi ya mwingine. Kisha serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, na ardhi ya pwani ikaandikishwa kwa majina ya wale walioleta madai yao na kuyathibitisha. Wengi ambao hawakuleta madai wakabaki wakaaji juu ya ardhi iliyoandikwa jina la mwingine. Sheria ile ilifutwa mwaka 2012, lakini nyumba bila ardhi zingali nyingi katika Majengo, Kisauni, Likoni na kwingineko. Mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja, na mara nyingi mapatano yenyewe ni ya mdomo tu. Mtu wa namna hii akibomoa kuta za udongo na kujenga za mawe, huku hana maandishi, amefanya kazi kubwa ya kutajirisha kiwanja cha mwenziwe.

Kwa hiyo kabla ya kununua mfuko mmoja wa saruji, yafaa mapatano yaandikwe na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi: muda wa kukaa, kodi ya kiwanja, ilani itakayotolewa, na fidia ya matengenezo ikiwa mwenye ardhi ataitaka ardhi yake. Afadhali wakili ayasome kabla ya sahihi kutiwa. Risiti zote za kodi na za vifaa ziwekwe pamoja. Naye mwenye ardhi yake mwenyewe aende katika ofisi ya usajili wa ardhi atazame hati ina jina la nani. Ikiwa bado ina jina la babu aliyekwisha kufariki, mirathi itangulie matengenezo. Waislamu wanaokubali wanayo korti ya Kadhi, ambayo Katiba ya mwaka 2010 imeipa mamlaka juu ya urithi. Na wengine wanazo korti nyingine za nchi.

Hapa twataka kusema neno na wazee wetu hasa. Nyumba nyingi tulizo nazo ni za ndugu wengi waliorithi pamoja. Ndugu mmoja anatia mabati mapya, wa pili analipa fundi, na dada yao anamuuguza mama ndani ya nyumba hiyo hiyo. Hakuna aandikaye, kwa kuwa kuandikiana huonekana ni kutoaminiana. Lakini siku ya kugawana, kila mmoja hukumbuka alichotoa yeye na kusahau alichotoa mwenziwe, na nyumba iliyotengenezwa vizuri ndiyo hiyo inayogombewa. Daftari moja lenye tarehe, kiasi na sahihi za wote halivunji undugu bali laulinda. Twawaomba wazee wawe mashahidi wa madaftari haya, kwa maana maneno yao husikilizwa.

Jambo la pili ni paa. Makuti yana baridi nzuri, illa hushika moto upesi na hutaka kuezekwa upya kila baada ya miaka kadhaa. Mabati hukaa zaidi, lakini karibu na bahari hewa ya chumvi huyala, na kutu huanzia kwenye misumari. Mnunuzi aulize geji: namba ikiwa ndogo, bati ni nene, geji 28 ni nene kuliko geji 30. Kabla ya kuweka mabati mapya, mbao na boriti zichunguzwe kwa kuchomwa na bisibisi. Ikiwa bisibisi yaingia kama katika mkate, mchwa amekwisha kula, na bati jipya juu yake ni fedha iliyotupwa. Na zile nyumba zenye mabamba ya zamani ya asbesto ziangaliwe kwa tahadhari. Vumbi lake huleta maradhi mabaya ya mapafu. Mtu asiyakate, asiyavunje, wala asiwape vijana kuyaondoa kwa nyundo. Kazi hiyo ni ya watu wenye leseni, na kanuni za taka za mwaka 2006 ziliihesabu asbesto kuwa taka ya hatari.

Jambo la tatu ni maji. Maji ya mvua ni adui yakishuka ukutani, na ni mali yakishikwa. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Tuseme paa lina urefu wa mita 10 na upana wa mita 8, yaani mita 80 za mraba. Mvua ya milimita 50 italiletea lita 4,000. Hata robo ikipotea, zabaki lita 3,000, nazo ni madumu 150 ya lita 20. Nyumba inayonunua maji kwa dumu yaweza kuona yenyewe faida ya kutia mifereji chini ya paa na tangi uani. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi imwagwe, kwa kuwa yasafisha paa, na tangi lifunikwe ili mbu wasizae. Maji yasiyoshikwa yaongozwe mbali na msingi kwa mtaro ulioinama. Nyufa nyingi za ukutani ambazo watu huziba kwa saruji kila mwaka chanzo chake ni maji yanayotuama msingini, na ufa utarudi mpaka maji yaondoke.

Jambo la nne ni kuta. Wazee wetu walijenga kwa mawe ya matumbawe, wakayashikiza kwa chokaa iliyochomwa kwa matumbawe hayo hayo, na juu wakalaza boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo hunywa unyevu na kuutoa. Ukipigwa plasta ya saruji ngumu, unyevu na chumvi hufungwa ndani. Baada ya muda plasta huvimba na kuanguka pamoja na vipande vya ukuta wenyewe. Dawa ya ukuta wa chokaa ni chokaa. Aidha mchanga wa ufuoni usitumiwe, maana chumvi yake huingia ukutani. Kwa nyumba za miti na udongo, matengenezo bora ni kuinua msingi kwa mawe, kubadili nguzo zilizooza, na kukandika upya kabla ya mvua.

Wenye nyumba katika Mji wa Kale wakumbuke kwamba eneo lile ni la hifadhi kisheria, na yafaa kuuliza ofisi ya hifadhi kabla ya kubadili sura ya nyumba. Sharti hili si mzigo tu. Mji wa Lamu ulitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na miongoni mwa sifa zilizotajwa ni majengo yake ya matumbawe na mikoko, viwanja vya ndani, baraza na milango ya nakshi. Vitu ambavyo baadhi yetu twavibomoa tupate sura ya kisasa ndivyo dunia ilivyoviona kuwa thamani. Mtu auzaye mlango wa nakshi wa babu yake ili anunue wa chuma ameuza kitu ambacho fundi wa leo hamrudishii kwa bei ile.

Baada ya hayo huja afya na usalama. Katika nchi ya Gambia ulifanywa utafiti uliotangazwa mwaka 2009, na ulionyesha kwamba nyumba zilizotiwa wavu katika milango na madirisha, au zilizotiwa dari, ziliingiwa na mbu wachache kwa karibu nusu au zaidi, na watoto wa nyumba hizo walikuwa na upungufu mdogo wa damu kuliko wengine. Hata hivyo chandarua cha kitandani kisiachwe. Dirisha likipanuliwa, moshi na joto hutoka. Nazo nyaya za stima zilizozeeka zikaguliwe na fundi mwenye leseni, hasa mahali ambapo chumba kimoja kimegawanywa kuwa viwili na waya mmoja umevutwa huku na huku.

Wako watakaosema kwamba rangi ndiyo huwavuta wapangaji. Ni kweli, nasi hatuikatazi. Twasema ije mwisho, nayo haitagharimu sana, kwa maana chokaa nyeupe juu ya ukuta mkavu hupendeza kuliko rangi ya bei juu ya ukuta uliolowa. Tena mtu apige hesabu kabla ya kuanza. Tuseme matengenezo ni shilingi 60,000, na nyumba ina vyumba vinne vya kupangisha. Kodi ya kila chumba ikizidi shilingi 500 kwa mwezi, itazidi 2,000 kwa vyumba vyote, na fedha itarudi kwa miezi 30. Ikiwa wapangaji hawawezi nyongeza hiyo, kazi ifanywe kwa mafungu, paa mwaka huu na mifereji mwaka ujao, kuliko kuwafukuza watu wema na kubaki na vyumba vitupu.

Ndugu wanachama, hatukuja kusema tu. Twaomba mkutano huu ukubali kanuni tatu kwa mikopo ya nyumba itakayotolewa na Chama chetu. Ya kwanza, mwombaji aonyeshe hati au mapatano ya kiwanja, na kama nyumba ni ya urithi, idhini ya warithi iliyoandikwa. Ya pili, fundi na mzee mmoja wa Chama wakague paa, maji na kuta, na mkopo uanzie kwenye udhaifu watakaouona. Vigae na rangi vingoje. Ya tatu, mjane au yatima akaaye katika nyumba ya urithi asinyimwe mkopo kwa sababu tu jina la marehemu lingali katika hati, bali Chama kimsaidie kwanza kufuata mirathi. Kanuni hii ya tatu ndiyo tunayoishikilia zaidi, kwa kuwa walio dhaifu ndio wanaopoteza nyumba upesi, na nyumba ikipotea hakuna tena cha kutengeneza.

Masika hayangoji. Yeyote atakayetoka hapa leo na kupanda ngazi kutazama paa lake, kisha akafungua sanduku kutazama hati yake, atakuwa amekwisha kuanza kuongeza thamani ya nyumba yake bila kutoa hata senti moja.